Sheria za Mchezo Zikibadilika, Wachezaji wa Zamani Wanasema Nini?

  

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya ugomvi. Siyo ule wa foleni ya maji, wala ule wa kuni, hiyo mmeshaizoea. Ni ugomvi uliotokea ndani ya darasa letu siku ya Jumamosi, juu ya mchezo. Wengine mlisikia kelele mkauliza kuna nini pale. Wengine mlisikia kwamba kuna mtoto alitoka analia na hakurudi kwa wiki tatu. Ni kweli. Na kosa lilikuwa letu sisi walimu, tutalieleza hapa chini bila kuficha.

Lakini kwanza tuwaambie kitu tulichokigundua. Ugomvi wetu ule, kumbe wenzetu wa Marekani wameugombana miaka mingi. Watu wazima, wenye kazi na watoto, wamenuniana, wameacha marafiki, wamegawanyika makundi kwa sababu ya kitabu kipya cha sheria za mchezo. Tuliposoma habari zao tulicheka. Baadaye tukaacha kucheka, maana tulijiona sisi wenyewe.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Unaitwa Dungeons & Dragons. Kijana wetu mmoja aliyesoma hapa akaenda Marekani kwa mpango wa kuhamishwa ndiye aliyetufundisha kwa simu. Alitutumia dadu kwa mkono wa mgeni, na sheria alizituma kwenye simu, kwa Kifaransa. Tulichanga pesa tukachapisha kurasa 60 hivi kwenye stesheneri ya sokoni. Kurasa zote zilikuwa karibu 400, hatukuweza.

Mchezo huu hauna ubao kama bao au drafti. Watu wanakaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimamizi, ndiye anayesimulia: mmefika kwenye pango, kuna giza, mnasikia sauti ya maji. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi: jina, nguvu, akili, vitu anavyobeba. Msimamizi anauliza, mnafanya nini? Mmoja anasema nawasha taa, mwingine anasema mimi nakimbia. Kama jambo ni gumu, wanarusha dadu. Dadu kubwa ina nyuso 20. Ukipata namba ya juu umefaulu, ukipata ya chini yanakukuta. Ni kama hadithi za bibi zetu jioni, tofauti ni kwamba wasikilizaji nao wanaamua sungura atapita wapi.

Wazazi wengine walitujia wakiuliza, mwalimu, mbona tunasikia kuna mazimwi na uchawi? Tunawaheshimu kwa swali hilo. Mazimwi yamo, kama yalivyo katika hadithi zetu za zamani. Hakuna anayeabudu kitu wala kuita kitu. Watoto wanajumlisha, wanatoa, wanasoma kwa sauti, na wanajifunza kungoja zamu yao. Mzazi yeyote anakaribishwa kukaa nyuma ya darasa na kuangalia.

TANGU 1974, SHERIA HAZIKUTULIA

Mchezo huu ulitoka mwaka 1974. Waliouanzisha ni wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Kampuni iliyouchapisha iliitwa TSR, kwenye mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mara ya kwanza walitoa nakala 1,000 tu: sanduku lenye vijitabu vitatu, kwa dola 10. Sheria zenyewe zilikuwa na mapengo mengi. Mwisho wa vijitabu hivyo walioandika waliwahimiza wachezaji wajiamulie wenyewe mambo yanavyokuwa, wasingoje kufikiriwa na wengine. Kwa hiyo tangu mwanzo kila meza ilikuwa na sheria zake, kama vile bao: ukitoka kijiji hiki kwenda kile, unakuta wanacheza kwa namna yao.

Kati ya 1977 na 1979 Gygax alitoa vitabu vikubwa zaidi, vyenye sheria nyingi na majedwali mengi. Mwaka 1985 alipoteza usukani wa kampuni yake mwenyewe. Basi lilipokuja toleo la pili mwaka 1989, yeye hakuwemo. Hapo ndipo kelele kubwa za kwanza zilipoanza.

Kwa nini? Miaka ile ya 1980 wazazi wengi wa Marekani waliogopa mchezo huu, kama wengine wenu mlivyoogopa. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe alianzisha chama mwaka 1983 cha kuupinga. Kampuni ikaona heri ipunguze maneno. Katika toleo la pili majina ya mashetani yaliondolewa, na baadaye viumbe hao walirudishwa kwa majina ya kubuni. Aliondolewa pia mhusika wa muuaji wa kukodiwa, na akaondolewa nusu-orki, yaani mtoto wa binadamu na wa jamii ya orki. Wachezaji wa zamani walisema: sisi tumekuwa na watu hawa mezani miaka kumi, nani amewaruhusu kuwafukuza? Wengine wakakataa kununua. Wakabaki na vitabu vyao vya zamani, na wako wanaovichezea mpaka leo.

HESABU ILIPOGEUZWA

Kampuni ya TSR iliishiwa, na mwaka 1997 ikanunuliwa na kampuni nyingine, Wizards of the Coast. Hiyo nayo ilinunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Mwaka 2000 wakatoa toleo la tatu. Hapa tunaomba wanafunzi wa hesabu wafungue macho.

Zamani, kinga ya mhusika ilihesabiwa kinyume. Namba ikishuka ndiyo kinga imekuwa nzuri. Mwenye kinga 4 alikuwa amejilinda kuliko mwenye kinga 9. Mpigaji naye alikuwa na namba yake. Tuseme ni 18. Ili kumpata mwenye kinga 4, unatoa: 18 kutoa 4 ni 14. Basi lazima dadu ionyeshe 14 au zaidi.

Toleo la tatu likasema, hapana, tuhesabu kwa kupanda. Kinga ya yule yule sasa inaandikwa 16. Mpigaji yule yule anapewa nyongeza ya 2. Anarusha dadu, anajumlisha 2, akifika 16 amempata. Sasa hebu jiulize, dadu inatakiwa ionyeshe ngapi? Ni 14. Ile ile!

Yaani hakuna aliyepoteza kitu. Lakini wachezaji wengi wa zamani walikasirika. Walisema mchezo umefanywa wa watoto wasiojua kutoa. Wengine walifurahi wakasema, afadhali, tulikuwa tunaumwa kichwa. Sisi tunaelewa pande zote mbili. Mtu aliyeteseka kujifunza jambo gumu hapendi kuona mgeni analipata kwa urahisi. Hata hapa kambini, sisi tuliofika zamani tukajenga kwa tope na miti, tukiona wapya wanapewa nyumba tayari, moyo unasema kitu. Si ndiyo? Wanastahili, tunajua. Lakini moyo unasema.

Jambo lingine la 2000 lilikuwa jema sana. Kampuni ilitoa karatasi ya ruhusa: mtu yeyote anaweza kuchukua sheria za msingi, akaandika juu yake hadithi zake na vitabu vyake, akauza. Kumbukeni karatasi hiyo, itarudi.

Mwaka 2003 wakatoa vitabu tena, vilivyorekebishwa. Miaka mitatu tu! Waliokuwa wameweka pesa kununua vitabu vya 2000 walinung'unika, na sisi tunawapa haki. Mkoba wa mtu una mwisho.

2008, NYUMBA IKAGAWANYIKA

Ugomvi mkubwa kuliko yote ulikuja na toleo la nne, mwezi wa sita mwaka 2008. Safari hii hawakurekebisha, walibomoa wakajenga upya. Kila mhusika, awe mpiganaji au mwenye miujiza, alipewa nguvu za kuchagua: nyingine za kutumia kila wakati, nyingine mara moja kwa kila pambano, nyingine mara moja kwa siku. Vita vilichezwa kwenye ubao wa miraba. Walioupenda walisema ni wa haki, kila mtu ana la kufanya, na msimamizi hachoki. Wasioupenda walisema huu siyo mchezo wetu, huu ni mchezo wa kompyuta uliowekwa mezani. Wakasema tena, wale watu wafupi wanaoitwa gnomi wako wapi? Maana hawakuwemo katika orodha ya kitabu cha kwanza cha wachezaji. Walirudishwa katika kitabu cha 2009.

Sasa kulikuwa na kampuni ndogo, Paizo, iliyokuwa ikichapisha magazeti mawili ya mchezo huu kwa ruhusa. Ruhusa hiyo iliisha mwaka 2007. Paizo wakafikiri: ile karatasi ya ruhusa ya 2000 bado ipo. Wakachukua sheria za zamani, wakazirekebisha, na mwaka 2009 wakatoa mchezo wao, Pathfinder. Maelfu ya wachezaji waliokataa toleo jipya wakahamia huko. Kwa kipindi fulani Pathfinder ulishika nafasi ya kwanza katika orodha za mauzo ya madukani. Yaani mtoto aliyetoka nyumbani alimpita baba!

Hata kabla ya hapo, wapenzi wa vitabu vya miaka ya 1970 walikuwa wameanza kutumia karatasi ile ile kuandika upya sheria za kale, ili zisipotee. Kazi mojawapo ilitoka mwaka 2006. Hawakungoja kampuni iwakumbuke.

Jambo moja lilitugusa. Gygax alifariki mwezi wa tatu mwaka 2008, miezi michache kabla ya toleo la nne. Arneson alifariki mwezi wa nne mwaka 2009. Wazee wawili wakaondoka, na watoto wanagombania nyumba.

SAFARI HII WALIULIZA

Kampuni ilijifunza. Mwaka 2012 ilitangaza kwamba inaandaa toleo jingine, lakini kabla ya kulichapisha itawapa watu wajaribu. Walitoa kurasa za majaribio, watu wakacheza, wakajibu maswali: hili mmelipenda? Lile tuliondoe? Kazi hiyo iliendelea karibu miaka miwili. Toleo la tano likatoka mwaka 2014, na wengi waliokuwa wamekimbia walirudi mezani. Siyo wote. Lakini wengi. Na kuanzia 2013 kampuni ilianza kuuza tena, kwa njia ya kompyuta, vitabu vya matoleo ya zamani. Yaani anayetaka jipya anapata, na anayetaka la zamani hafukuzwi.

Sisi tunaona hili ndilo somo kubwa kuliko yote. Sheria za 2014 hazikuwa za ajabu. Kilichobadilika ni kwamba watu waliulizwa.

Ila binadamu anasahau. Mwezi wa kwanza mwaka 2023 zilivuja habari kwamba kampuni inataka kuifuta ile karatasi ya ruhusa ya 2000 na kuleta nyingine yenye masharti magumu. Watu waliokuwa wamejenga kazi zao juu ya karatasi ile walishtuka. Wachezaji walioandikishwa kwenye huduma ya kampuni ya kulipia walianza kujitoa. Kampuni ikaomba maoni, na watu zaidi ya 15,000 wakajibu. Ilipofika tarehe 27 mwezi ule ule, kampuni ilirudi nyuma. Tena ikaongeza: sheria za msingi za toleo la tano ikaziweka chini ya ruhusa nyingine ambayo haiwezi kufutwa. Mtu yeyote anaweza kunakili, kutafsiri, na kugawa, mradi ataje zimetoka wapi. Baadaye mwaka ule zikatolewa kwa Kifaransa. Ndiyo hizo kurasa tulizochapisha sokoni. Kwa hiyo, wazazi, hatukuiba kitu cha mtu.

SASA UGOMVI WETU

Mwaka 2024 mchezo ulitimiza miaka 50, na kampuni ikatoa kitabu cha wachezaji kilichorekebishwa. Mwaka 2025 ikatoa pia sheria zake za msingi kwa ruhusa ile ile ya bure. Kijana wetu akatutumia. Zilikuwa za Kiingereza, lakini mwenzetu mmoja aliyesoma Uganda alituelezea. Tukachanga tena, tukachapisha kurasa 40.

Sisi tulifurahi. Tulisema mpya ni bora. Na kwa sababu karatasi ni shida hapa, mnajua wenyewe, tulichukua zile kurasa za zamani tukazikata katikati, tukawagawia watoto wa darasa la tatu waandikie nyuma. Hatukumwuliza mtoto hata mmoja.

Jumamosi ile tukatangaza: leo tunaanza sheria mpya, kila mtu aandike mhusika wake upya. Msichana mmoja wa miaka 14 akainua mkono. Mhusika wake alikuwa nusu-elfi, kwa Kifaransa demi-elfe, mtoto wa binadamu na wa jamii ya elfi. Amemchezea miaka miwili. Akauliza, mwalimu, wangu namwandika wapi? Tukatafuta. Hayupo. Katika sheria mpya nusu-elfi na nusu-orki wametolewa kwenye orodha. Tukamwambia, basi chagua, awe elfi au awe binadamu.

Wasomaji, msichana huyu baba yake ni Mkongo, Mbembe, na mama yake ni Mrundi. Kwenye bloki yao amesikia maneno tangu mdogo. Kwa watoto wa huku anaitwa wa kule, kwa watoto wa kule anaitwa wa huku. Hata shule, mnajua hapa watoto wa Kongo wanafuata programu ya Kongo na wa Burundi wanafuata ya Burundi, na yeye alihamishwa mara mbili. Sasa sisi walimu tukamwambia, mbele ya wenzake, chagua.

Alisema, "Mwalimu, huku pia?" Akakunja karatasi yake akatoka.

Wavulana wakubwa wakaanza kupigana kwa maneno. Wengine wakasema sheria ni sheria. Wengine wakasema sheria za zamani zilikuwa nzuri, rudisheni. Tukasema tutarudisha nini, karatasi tumeshazikata! Darasa likavunjika siku ile.

Tulipotafuta habari tukakuta kwamba hata Marekani jambo hili lilileta mabishano. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2022 kampuni ilikuwa imetangaza kwamba itaacha kutumia neno "mbari" kwa elfi na orki na wengine, kwa sababu neno hilo lina majeraha, itumie neno lingine. Katika mabishano hayo, wapo wachezaji wenye wazazi wa jamii mbili waliosema ni vizuri, neno "nusu" linaumiza, mtu siyo nusu. Na wapo wengine, nao wana wazazi wa jamii mbili, waliosema mhusika yule ndiye pekee tuliyejiona kwake, na sasa hayupo. Watu wa namna moja, majibu mawili. Hatuwezi kusema wa upande mmoja ni wajinga.

Lakini tulikumbuka kitu. Nusu-orki alitolewa 1989, akarudi 2000. Gnomi walitolewa 2008, wakarudi 2009. Kutolewa kwenye kitabu siyo kufa. Wanaocheza mezani ndio wanaamua nani anaishi.

TULIFANYA NINI

Kwanza tulikwenda nyumbani kwa msichana. Tulikaa na wazazi wake, tukaomba radhi kwao na kwake. Mama yake alisema, "Walimu wangu, mimi mchezo wenu siujui. Lakini mtoto hajalala vizuri." Hatukuwa na la kujibu.

Pili, tulipita kwa watoto wa darasa la tatu kukusanya vipande. Vingine vilikuwa vimewashia mkaa. Vingine vilikuwa vimefungia karanga. Tulipata nusu hivi. Ule ukurasa wa nusu-elfi hatukuupata mpaka leo. Tungeomba utumwe tena tukachapishe, lakini mfuko ulikuwa mtupu na mwezi ule posho ilipunguzwa.

Tatu, tuliita mkutano wa wachezaji wote, wakubwa kwa wadogo, bila msimamizi kukaa mbele. Tukauliza: mnataka kucheza kwa sheria gani? Ilichukua Jumamosi mbili. Mvulana mmoja mkubwa alitaka mpya zote, maana mpiganaji wake ameongezewa uwezo. Mwingine alitaka za zamani zote. Mwisho wakakubaliana kuchukua sheria mpya za kupigana, kwa sababu zinaeleweka haraka, na kubaki na wahusika wa zamani wote bila kumwondoa mtu.

Msichana alirudi wiki ya tatu. Hakusema kitu. Alitoa daftari, alikuwa ameandika ule ukurasa kwa kichwa: nusu-elfi anaona gizani mpaka mita 18. Uchawi wa usingizi haumpati. Anajua lugha tatu, ya binadamu, ya elfi, na moja ya kuchagua mwenyewe. Wenzake walimsahihisha sehemu mbili, wakabishana kidogo, wakaandika tena. Mdogo mmoja akamwambia, "Dada, hata wewe unajua tatu." Kweli, anajua Kibembe, Kirundi na Kiswahili. Kifaransa hatujakihesabu.

Kuhusu neno "nusu" tulimwuliza yeye aamue. Alisema atafikiri. Mpaka tunaandika makala hii bado anafikiri, na kwenye daftari sehemu ile ameacha wazi.

KWA WAZAZI NA WAZEE

Kwa nini tumewaandikia haya yote? Kwa sababu siyo ya mchezo tu. Sheria zinabadilika juu yetu kila siku. Namna ya kupanga foleni inabadilika, kadi inabadilika, mpango wa kuhama unabadilika. Hata shule: Burundi ilipoacha shule ya msingi ya miaka 6 ikaleta ile ya miaka 9 kuanzia 2013, wazazi wengi walituambia, sisi tulisoma sita tukaelewa, hiyo tisa ya nini? Ndivyo wale wachezaji wa zamani walivyosema juu ya hesabu ya kinga.

Mzee anayenung'unika siyo kila mara mkaidi. Pengine analinda kitu alichokijenga kwa miaka. Na kijana anayependa jipya siyo kila mara mtovu wa heshima. Pengine la zamani lilimfungia nje. Kabla ya kumwambia mwenzako "zoea tu", mwulize kwanza, ni kitu gani unaona kinapotea? Sisi hatukuuliza, na mtoto akalia.

Jioni hii mkiwa mmekaa nyumbani, zungumzeni maswali haya pamoja:

1. Ni mchezo gani baba au mama alicheza utotoni, na sheria zake zilikuwa zipi? Watoto wanaucheza vile vile?

2. Ni mabadiliko gani hapa kambini yaliyokuumiza, ingawa baadaye uliona yana faida?

3. Katika nyumba yetu, yuko mtu ambaye sheria zetu zinamwambia "chagua"?

Tunaomba pia, mwenye karatasi zilizoandikwa upande mmoja asizitupe, atuletee. Safari hii hatutakata kitu kabla ya kuuliza. Na kama kuna mama aliyefungia karanga kwenye ukurasa wenye picha ya dadu pembeni, tuliichora wenyewe kwa kalamu nyekundu, tafadhali, hata ukiwa na mafuta tunauhitaji.

Mchezo ni kila Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye hangari ya masomo ya jioni. Wazee wanakaribishwa. Tunawatakia amani nyumbani mwenu, mpaka mwezi ujao.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.